Gia Nne za Kurudi Nyuma

Bwana Hakika alilitazama friji la mkewe akaona pikapu. Ndivyo akili yake ilivyoumbwa: mali ya mwenzake haikumkalia machoni bila kugeuka kitu anachokitaka yeye. Mke, aliyekuwa akiuza maji baridi kwa friji hilo, alirudi kutoka msibani akakuta ukutani soketi tupu, na nje pikapu kuukuu isiyo na ekseli ya nyuma.

"Mke wangu, huu ni utajiri," akasema Hakika.

"Kesho jioni nikute friji hapa. La sivyo, hamia humo kwenye utajiri wako."

Hakika alimpenda mkewe, na alimwogopa zaidi. Akakimbilia uwanja wa magari mabovu, akachukua ekseli ya gari la aina nyingine. Vikalio vya springi, vyuma vinavyoishikilia ekseli, havikulingana, kwa hiyo akavikata na kuvichomelea upya, akaifunga ekseli kwa spana na jeki yake, mbio mbio. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, lakini wahenga hawakupewa siku moja na mke yule.

Akatia gia ya kwanza. Pikapu ikarudi nyuma, ikabomoa banda la kuku la jirani. Akatia ya pili, ikarudi kwa kasi zaidi. Ekseli alikuwa ameifunga juu chini, magurudumu yakawa yanazunguka kinyume! Sasa alimiliki gari lenye gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele, na jua lilikuwa limeshapita utosini.

Mtu mwenye aibu angelia. Hakika akaiosha.

Kwa gia hiyo moja, na kwa mwendo wa bibi harusi, akaifikisha kwa mama mmoja muuza friji za mitumba.

"Mama, nakupa kwa sababu nimeipenda roho yako. Friji moja tu, tumalizane."

"Niiendeshe kidogo?"

"Bima imeisha jana, mama yangu, na askari wako pale kona. Lakini sikiliza injini!"

Mama akasikiliza. Akainama, akachungulia chini ya gari, akainuka akijipangusa magoti.

"Nzuri," akasema. "Chukua lile jeupe."

"Tulichomeke kwanza?"

"Umeme umekatika mtaa mzima, mwanangu. Lakini ona mlango unavyofunga."

Kweli, mlango ulifunga vizuri sana. Hakika akakodi mkokoteni, akacheka njia nzima.

Nyumbani mke akalichomeka. Kimya. Akalizungusha, akafungua nyuma: mahali pa kompresa palikuwa na tofali, limefungwa waya lisitikisike.

"Nimeibiwa!" Hakika akapiga yowe la uchungu wa kweli, maana hakuna anayeumia kwa kuibiwa kama mwizi. "Mimi! Na mama mtu mzima!"

Mke alilirudisha friji mkokotenini, akalisindikiza, na kabla ya magharibi akarejea na jingine. Likachomekwa, likanguruma. Machozi yakamlenga Hakika.

"Mke wangu! Umempa nini?"

"Yule mama hana ugomvi na wewe. Alikuwa fundi gereji miaka kumi na miwili kabla ya kuuza friji. Ekseli ya juu chini anaijua hata akifumba macho." Akaanza kupanga chupa za maji. "Alikosa kitu cha kuigeuzia tu. Nimempa spana zako. Zote, na jeki."