Jinsi Mwalimu Zephania Alivyoliteka Chozi Moja Mbaga

Sogeeni, enyi wa mpunga wa Kihurio, nanyi mnaovuta blanketi kwenye baridi ya Shengena! Zimeni simu, mezeni vikohozi, maana ninalolisimulia si la kusikilizwa kwa sikio moja. Ni habari za Zephania, mwalimu wa fasihi, simba wa ubao, mshika chaki asiyejua kurudi nyuma, aliyetoka kulitafuta chozi moja tu kati ya Wapare wa Mbaga.

Tangu ujana wake shujaa huyu alifundisha tanzia za Wayunani wa kale, na tangu ujana wake hakuna aliyemwelewa. Kila alipofika pale mfalme mkuu anapoangamizwa na kiburi chake mwenyewe, darasa zima lilinyoosha mikono kuuliza kwa nini mfalme hakukata rufaa. Jamani! Mpare na kesi ni chanda na pete. Sasa alikuwa anastaafu, na siku ya kuagwa ndiyo iliyokuwa nafasi yake ya mwisho. Asipomliza hata mtu mmoja, alijiambia, basi kazi yake yote imekwenda na maji.

Akatunga tanzia yake mwenyewe kwa kanuni za Wayunani. Mfalme anaapa mbele ya watu kwamba atakayefungulia maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, nje ya zamu yake, atafukuzwa nchini milele. Kumbe mkosaji ni mwanawe wa pekee. Watu wanamsihi mfalme, hakubali, na kijana anakwenda kufia nyikani. Zephania mwenyewe ndiye akawa mfalme, amejitanda shuka la maua la mkewe Priska, na kichwani taji lililokatwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia.

Bwalo la shule likafurika. Majeshi ya akina mama yakateka mabenchi ya mbele, wazee wakashika ngome ya dirishani penye jua. Mfalme akanguruma, mwana akafukuzwa, habari ya kifo ikaletwa. Zephania akaanguka magotini, akaomboleza kwa sauti ya kupasua mabati, kisha akachungulia kwa jicho moja kuona nani analia.

Wapi! Alikuwa amesimama Mzee Eliezeri, jemadari wa mabaraza, mtu ambaye makarani wa mahakama walimjua kwa kikohozi chake.

"Ewe mfalme," akanena, na fimbo ikagonga sakafu, "zamu ya siku ile ilitangazwa na nani? Na kijana alipewa nafasi ya kujitetea?"

"Kweli kabisa!" bwalo likaitika. "Kesi irudiwe!"

"Shikamoo, mzee wangu," akasema mfalme, angali magotini.

"Marahaba."

"Tanzia haina rufaa. Kijana amekwisha kufa."

"Kufa hakufuti shauri. Warithi wake wataliendeleza."

Kicheko kikatikisa madirisha. Priska akamwita mumewe kwa upole, "Baba Neema, waachie tu, chakula kinapoa." Lakini shujaa hakuachia.

"Nisikilizeni, enyi wana wa milima! Mfalme huyu hakuonewa na mtu. Alionywa, akasikia, akaelewa, na bado hakukubali kushindwa mbele za watu. Haya, ameshinda! Lakini mwanawe, ambaye ndiye alitaka amwone akishinda, hayupo tena. Sasa hiyo rufaa, mzee, akamkatie nani?"

Mzee Eliezeri akaishusha fimbo. Akakaa.

"Mimi na mdogo wangu Natanaeli," akasema kwa sauti ndogo, "tulishtakiana kwa ajili ya kuku. Mama alitusihi tuyamalize nyumbani, nikakataa. Nikashinda. Siku hukumu inasomwa mwenzangu alikuwa ameshazikwa, na mazishini sikwenda."

Likatoka. Chozi moja, zito, likashuka shavuni polepole mpaka likanasa kwenye ndevu. Zephania alikuwa amelitamani maisha yake yote, na alipolipata akaona haya. Akamwendea yule mzee, akamshika mkono. "Pole, mzee wangu. Pole sana."

"Ahsante, mwalimu. Leo nimeelewa." Mzee akajipangusa kwa kofia, akanyoosha mgongo. "Lakini yule kuku alikuwa wangu."

"Alikuwa wetu, shemeji!" akadakia Devotha, mjane wa Natanaeli, kutoka benchi la mbele.

"Huyo!" akapiga kelele Zephania, akiruka juu na kumnyooshea Eliezeri kidole. "Mnamwona? Huyo ndiye shujaa wa tanzia!"

Na kweli wakamwona. Vigelegele vikapaa, wazee wakagonga fimbo, na akina mama wakamtazama Eliezeri kwa huruma ambayo hakuwahi kuiomba. Basi itangazwe toka Bendera kule bondeni hadi kileleni Shengena, kwamba siku ya kuagwa kwake Mwalimu Zephania aliliza watu wawili, ukimhesabu na yeye mwenyewe, aliyekutwa baadaye nyuma ya jiko la shule, peke yake, akilia kama mtoto.