Leo Nimerudisha Nafasi ya Kwanza Shuleni

Leo nimejifedhehesha. Tena kwa miguu yangu mwenyewe, hakuna aliyenisukuma. Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo nitajitahidi nisimwonee mtu. (Nikimwonea mtu niambieni, nitafuta.)

Asubuhi nilikuwa migombani nakata majani makavu. Leo shule zimefunga mwaka huku kwetu Kamuli. Binti yangu Adventina, wa darasa la sita, akaja mbio na ripoti mkononi.

"Tata, soma!"

Nikafuta mikono kwenye suruali, nikasoma. Kusoma nasoma, ila polepole. Kiswahili, sawa. Hisabati, sawa. Nikashuka mpaka chini kabisa: Nafasi, 1 kati ya 58.

Nikaiinua ile karatasi juani. Nilikuwa natafuta tarakimu ya pili. Moja haiwezi kukaa peke yake namna ile, lazima kuna mwenzake amefutika.

"Umeipata wapi hii?"

"Shuleni, Tata."

"Nani ameandika?"

"Madam Jeska."

Akabaki amesimama, ananitazama usoni. Nami nikamwambia: "Usimwonyeshe mtu kwanza. Nenda kapalilie maharage."

Naomba mnielewe. Mwaka jana mtoto huyu huyu alikuwa wa 41. Mimi baba yake darasa la saba nilimaliza tu, sikufaulu. Ukoo wetu haujawahi kuwa wa kwanza kwa jambo lolote, labda kufika msibani. Na darasa lile lina mwenyewe! Tangu darasa la kwanza, namba moja ni Edga, mtoto wa jirani yangu. Kila mwaka Edga. Kwa hiyo mtu akikuletea kitu ambacho siku zote ni cha jirani, wewe utafurahi au utauliza?

Mke wangu alisema nifurahi. "Nafurahije na cha mtu?" nikamuuliza. Akaniangalia kama anayeangalia mvua ikiingia ndani, akarudi jikoni.

Nikaenda kwa Mama Edga kuomba radhi.

Ndiyo. Nilikwenda kuomba radhi kwa sababu mwanangu amefaulu. Mnaruhusiwa kuguna, kucheka bado.

Nilimkuta barazani ananyonyoa mabawa ya senene, ungo mzima.

"Karibu, waitu, jirani yangu. Mbona unatembea kama mwenye kesi?"

"Mama Edga, naona shuleni limetokea kosa. Wamempa Adventina nafasi ya Edga."

Nilitegemea atasema kile ambacho mtu yeyote mwenye adabu angesema. "Aa, Baba Adventina, huenda mtoto kajitahidi." Kitu kama hicho. Mimi ningekataa, yeye angesisitiza, ningekubali, ningerudi nyumbani nimefurahi. Mambo si ndivyo yanavyokwenda?

Mama Edga akapiga mapaja. "Mawe, mama yangu! Nilijua! Tangu asubuhi nasema huu ni mkono wa mtu!"

"Mimi nimesema kosa. Sikusema mkono wa mtu."

"Edga kalala, hajala. Wa pili! Edga! Na Adventina namjua, mtoto mpole sana, lakini..."

"Lakini nini?"

"Lakini mpole."

Hapo damu ikanichemka. Mimi kusema mwanangu hawezi ni haki yangu, nimemzaa. Yeye anaipata wapi? Lakini nikakumbuka ni mimi niliyeanza. Nikaketi. Akaniwekea senene waliokaangwa kwenye kisahani, kwamba amenisamehe, nami nikawala wote. (Walikuwa watamu. Siwezi kusema uongo kwa sababu ya hasira.)

Kikao cha wazazi wa darasa la sita kilikuwa saa saba. Tukakubaliana twende mapema, tumwone Madam Jeska, mwalimu wa taaluma, tuyamalize kimya kimya. Tulipofika darasa limejaa. Watu wa kwetu kikao cha saa saba huja saa tisa, kila siku! Leo, siku niliyotaka wachelewe, wote wamekaa kwenye madawati, magoti yamefika kidevuni.

"Baba Adventina!" Madam Jeska akaniita kutoka mbele. Ni binti mdogo, lakini ana sauti ya gulio. "Hongera sana mzee wangu!"

Ningeweza kusema asante. Neno moja. Nikasema:

"Madam, hiyo hongera nimekuja kukurudishia."

Shingo zote zikanigeukia.

"Kivipi, mzee?"

"Mmekosea kujumlisha. Mwanangu namjua, nakaa naye. Akili ya namba moja hana."

Nilisema kwa sauti, ili haki ionekane. Mama Edga nyuma yangu akaitikia, "Hana," kama tuko kanisani.

Sasa hapa ndipo ninapomlaumu Madam Jeska. Angenivuta ofisini. Angenipa karatasi na kalamu, nikakosea faraghani kama binadamu. Yeye akachukua chaki, akanikabidhi mbele za watu. "Vizuri. Karatasi zake za majibu hizi hapa. Nakutajia, wewe jumlisha mwenyewe."

(Tuseme ukweli: nilikuwa nimetoka kumwambia mbele za watu hao hao kwamba hajui kujumlisha. Basi. Nusu ya lawama naiondoa.)

Akataja, nikaandika kwenda chini: 46, 47, 44, 43, 45, 38. Nikaanza na mamoja. Yakaja thelathini na tatu. Nikaandika tatu. Nikaenda kwenye makumi. Yakaja ishirini na tatu. Nikaandika ishirini na tatu, nikapiga mstari, nikasoma kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi:

"Mia mbili thelathini na tatu! Ripoti inasema mia mbili sitini na tatu! Mmeona wenyewe!"

Mama Edga akapiga kigelegele. Peke yake.

"Rudia, mzee," Madam akasema taratibu.

Nikarudia. Nilirudia kwa madaha, chaki inalia, nikimwonyesha kila namba kwa kidole kama vile yeye ndiye mwanafunzi. Mia mbili thelathini na tatu. "Hata ukinirudisha mara kumi, Madam, hesabu haibadiliki!"

Ndipo sauti ikatoka dirishani, kwa watoto waliokuwa wamejazana nje.

"Hujabeba tatu."

"Nani huyo mjuaji?" nikafoka. "Wakubwa wanaongea, nani anaingilia? Jitokeze hapa!"

Akajitokeza. Amevaa sare, amepakwa mafuta usoni, viatu vimefutwa. Madam alikuwa amewaambia watatu wa mwanzo waje waonyeshwe kwa wazazi. Mimi asubuhi sikumuuliza mtoto kama kuna kitu kama hicho. Nilimwambia akapalilie maharage.

"Ni mimi, Tata. Thelathini na tatu, unaandika tatu, unabeba tatu. Hujazibeba."

Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Na huyu wa ubaoni, Madam, kashika nafasi ya ngapi?" Nilibaki na chaki mkononi, sijui niirudishe, niiweke mfukoni au niimeze. Adventina akaichukua. Akafuta ishirini na tatu yangu, akaandika ishirini na sita, akapiga mistari miwili chini yake. Hakunitazama.

Mama Edga akadai za Edga nazo zijumlishwe. Zikajumlishwa. 258, mara mbili. Akainama kidogo, kisha akaanza kupiga makofi, wa kwanza katika darasa zima. Hilo nalisema kwa sababu ni lake, ingawa kile kigelegele bado sijamsamehe.

"Lakini Madam," nikauliza, maana nilihitaji kusema chochote, "kutoka arobaini na moja?"

"Mwaka jana alikuwa anakaa dawati la mwisho, mzee. Alikuwa haoni ubao, na hakumwambia mtu. Mwaka huu nilimhamishia mbele. Ni hilo tu."

Ni hilo tu! Mwaka mzima mtoto haoni ubao, nami nikasema amerithi kwangu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Adventina mbele na zawadi yake, madaftari matatu na mkebe mpya, mimi nyuma. Nilimpongeza mara mbili, akasema asante mara mbili. Nikatania kuhusu zile tatu za kubeba. Hakucheka. Tulipokaribia kwetu akasimama, akageuka. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, kama anavyouliza swali darasani:

"Tata, mwaka jana nilipokuwa wa arobaini na moja, mbona hukuja kuwaambia wamekosea?"

Ndugu zangu, sasa hivi giza linaingia na bado sijamjibu. Amekaa pale barazani na daftari lake jipya, anasubiri. Atakayecheka, acheke. Lakini atangulize jibu kwanza.