Fonksio ya Kutafuta Watu

Jumatatu, 9 Juni 2003, Bulengera
Wakimbizi wa vita kutoka Kayna wamejaa uwanja wa kanisa. Kila mmoja anatafuta ndugu zake. Solange, mwenzangu wa ofisi, anaandika majina na mahali watu wanapokaa kwenye fishi, kadi ndogo za karatasi. Foleni inafika barabarani. Mimi nina ordinateri, yaani kompyuta, na nusu ya kitabu cha Pascal, lugha ya kuandikia programu. Nimemwahidi mkuu wetu, Pasteur Éliakim, fonksio, yaani programu ndogo: unaipa jina, inapita orodha yote, inakurudishia mahali mtu alipo. Amefurahi. Mmoja wetu ataongoza ofisi mpya ya Beni. Maskini Solange.

Jumanne, 10 Juni
Imekamilika! Nimeijaribu kwa binamu yangu Vagheni. Jibu: Beni. Kweli kabisa.

Jumatano, 11 Juni
Watu kumi na wanne, majibu kumi na manne. Wote Beni. Solange akauliza mbona wote. Nikamjibu kwamba Beni kuna joto, na watu hukimbia baridi ya huku. Mama Berthe, aliyepotezana na binti yake Tamar njiani, alinishika mikono yote miwili. Akapanda lori mchana huohuo.

Ijumaa, 13 Juni
Mama Berthe amerudi, miguu imevimba. Alizunguka Beni siku nzima akiuliza nyumba kwa nyumba. Solange akavuta fishi moja: Tamar yuko kwa Mama Julie, nyuma ya soko, hapa Bulengera. Tangu Jumapili.

Mama Berthe hakupiga kelele. “Malachie, mutoto yangu alikuwa hapa. Sasa ulinituma kule juu ya nini?”

Nikajifanya napanga fishi.

Walipoondoka, Solange akakaa kwenye mashine, akasoma mistari yangu polepole. Kumbe alisoma Pascal miaka miwili! Hakuwahi kusema.

“Fonksio yako inapokea jina ya kila mutu,” akasema, “lakini ndani uliacha jina ya Vagheni, ile ya kujaribia. Inatafuta yeye tu.”

Jumapili, 15 Juni
Solange anakwenda Beni kuongoza ofisi. Mimi nimepewa kuwatafuta wale kumi na watatu wengine na kuwaomba radhi. Ni haki. Nimetubu kabisa.

Jumatatu, 16 Juni
Radhi zitangoja kidogo. Nimeandika fonksio mpya: unaipa tarehe ya leo, inakurudishia siku vita vitakapokwisha. Imejibu Alhamisi. Nimeshatangaza uwanjani, na familia mbili zinafunga mizigo kurudi Kayna.