Kamati ya Kuwakimbia Misukule wa Namatungu

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Wafu wametoka makaburini! Nimeambiwa leo kisimani na watu watatu mbalimbali, kwa hiyo ni kweli.

Ni kule Namatungu, kitongoji chetu cha zamani. Mwezi wa sita tulipakiwa kwenye lori tukaletwa hapa Tingi, kijiji cha ujamaa. Nyumba tuliziacha, mihogo tuliiacha, makaburi tuliyaacha. Juzi mrina asali mmoja kapita huko. Kakuta mihogo imeng'olewa, na nyayo za miguu mitupu mchangani. Wakati hakuna mtu anayeishi kule!

Misukule hao. Hesabu yake ni rahisi. Wachawi nao walipakiwa kwenye lori pamoja na sisi. Misukule wao wamebaki bila mwenyewe, na njaa inawauma. Watatufuata.

Nimeunda Kamati ya Uokoaji ya Familia. Mwenyekiti mimi, Abilahi. Wajumbe: mke wangu Adija, na mama mkwe, Bi Somoe. Nimewaeleza kwamba msukule havuki maji ya bahari, basi tutahamia kisiwani Songo Songo. Bi Somoe akauliza kwani kuhamishwa mara moja hakujatosha. Adija alikwenda kumenya mihogo.

Azimio limepita kwa kura moja.

Mihogo ya leo ilikuwa mitamu ajabu. Sijui Adija anaipata wapi.

Jumanne, 6 Agosti

Ulinzi wa muda, mpaka tupate chombo. Nimechukua chumvi yote ya nyumbani nikaizungushia nyumba. Msukule hupewa pumba tu, hapewi chumvi asilani. Akiilamba anazinduka, anakumbuka jina lake, anashika njia ya kwao.

Adija aliniuliza mara mbili kama ni kweli kwamba wanazinduka. Nilifurahi sana. Ni mara ya kwanza mjumbe kuuliza swali. Nikamwambia ni kweli tupu, hata mtoto anajua.

Kufika adhuhuri mbuzi wetu wawili walikuwa wamelamba ulinzi wote. Bi Somoe kapika kisamvu bila chumvi, kakiweka mbele yangu, kakaa kunitazama mpaka nikamaliza.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimekwenda Somanga kwa miguu kumwona nahodha Huseni. Kakubali kutuvusha wakati wowote nitakapotoa taarifa. Nimemwachia mbuzi mmoja atangulie, kama kikosi cha mbele. Mbuzi akishazoea chombo, wanadamu hawatapata taabu.

Nimerudi nimechoka lakini moyo mweupe. Adija hakuwepo. Bi Somoe kasema kaenda kutafuta kuni. Kuni gani za kutwa nzima?

Jumamosi, 10 Agosti

Habari mbaya kutoka Somanga. Jana Huseni kamsomea marehemu baba yake hitima. Watu wamekula wali na nyama ya mbuzi. Wanasema alikuwa amenona.

Habari mbaya zaidi: shemeji yangu Salumu. Huyu ni kaka wa Adija, na ni balozi wetu wa nyumba kumi, cheo ambacho kilistahili kuwa changu. Leo kwenye mkutano nilisimama nikatoa taarifa ya Kamati. Salumu akacheka mbele ya watu wote. Akasema misukule hawa wana akili kweli, wanachagua mihogo mitamu na kuacha michungu. Halafu akasema kesho twende Namatungu mimi na yeye, tukawaone.

Kabla ya kufikiri nilishasema ndiyo.

Jumapili, 11 Agosti

Naandika polepole.

Tulifika saa nne. Namatungu hakuna sauti, hata ya jogoo. Mlango wa nyumba yetu umeangukia ndani. Kule makaburini palikuwa na mtu, kajitanda kanga, kainama, anang'oa majani.

Salumu alisimama. Mimi nilikuwa juu ya mkorosho. Sikumbuki nilipandaje.

Salumu akaita. Yule mtu akageuka. Adija.

Alikuwa kwenye kaburi la Sada, mtoto wetu. Nilikuwa sijakanyaga pale tangu siku tuliyomzika, mwezi wa tatu. Alikuwa na miaka tisa. Hatuna mwingine. Kaburi lote limefagiwa, linang'aa kama uwanja wa siku ya Idi. Pembeni palikuwa na kikapu cha mihogo. Ile mihogo yangu mitamu.

Salumu akamwuliza dada yake anafanya nini huku peke yake. Adija akafungua pindo la kanga akatuonyesha. Chumvi, kama kiganja kimoja hivi. Aliwahi kuichota kabla ya mbuzi.

“Baba Sada kasema wakiilamba wanazinduka, wanarudi kwao,” akasema. “Nikaona nije nimsubiri. Njia ya Tingi haijui.”

Salumu aligeuka akatazama upande mwingine.

Nilishuka mtini. Nikamwambia mke wangu kwamba Sada si msukule. Sada alikufa, tukamzika, ni amri ya Mungu.

“Najua,” akasema. “Siku nne nimekaa hapa na chumvi. Hajatoka mtu.”

Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti:

“Baba Sada, tungembeba mgongoni. Mimi nilisema tumbebe. Tungefika hospitali jioni ile ile.”

Sijawahi kuandika jambo hili. Sada alishikwa na surua. Kutoka Namatungu mpaka hospitali ya Kivinje ni mwendo wa siku nzima, na jua lilikuwa kali. Nikaona mtoto hafai kutikiswa. Nikaanza kumtengenezea toroli: magurudumu mawili ya baiskeli, kitanda cha kamba, kivuli cha makuti. Lilikuwa toroli zuri. Lilinichukua siku mbili. Alifariki siku ya pili alasiri, kimebaki kivuli tu kufunga.

Salumu alibeba kikapu. Tulirudi Tingi watu watatu, tumefuatana.

Jumanne, 13 Agosti

Salumu kawatangazia watu kwamba Namatungu tulikuta ngedere. Ngedere wengi, wanang'oa mihogo. Dada yake hakumtaja hata kidogo. Mimi pia hakunitaja, wala mkorosho. Nilimfuata nyumbani kwake nimshukuru. Tukaongea habari za ghala la korosho, paa lake linavuja. Nikarudi.

Jioni Adija kaja kukaa karibu yangu. Hajafanya hivyo tangu msiba. Kasema Ijumaa baada ya swala twende Namatungu, mimi na yeye, tukamsomee Sada. Hataki kamati. Hataki mzigo wowote. Miguu yetu tu.

Nimesema ndiyo. Nimesema kwa moyo wote. Alinishika mkono, tukakaa hivyo mpaka maharage yakaungua, na Bi Somoe hakugomba.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimetoka msikitini mapema kuliko wote. Kanzu safi. Njiani nikakumbuka jambo: vitongoji vilivyohamwa haviingiwi ovyo. Tukikutana na mgambo je? Watadhani tumetoroka kijijini. Ukienda jambo kubwa namna hii lazima uwe na barua ya kuomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji. Kidole cha mtu mwenye busara hakikosi wino.

Nimekaa kuandika. Kwanza utambulisho. Halafu sababu za safari. Halafu ratiba, saa ya kwenda, saa ya kupumzika, saa ya kurudi. Kifungu cha nne ni dharura: mvua, nyoka, mguu kuteguka.

Adija alisimama mlangoni, kajitanda kanga nyeupe, juzuu mkononi. Akauliza kama niko tayari. Nikamwambia bado kifungu kimoja.

Akangoja. Jua likasogea kutoka kizingitini mpaka kwenye kinu. Akauliza tena. Nikamwambia bado nakala ya pili, ya kubaki nyumbani, maana huwezi kujua.

Nilipoinua macho hakuwepo mlangoni. Bi Somoe kasema ameshakwenda, Salumu kamsindikiza. Kasema hivyo akiwa amenipa mgongo.

Nilitaka kuwakimbilia. Lakini barua ilikuwa haijatiwa sahihi.

Sasa imekamilika. Nimeisoma mara tatu. Haina kosa hata moja.