Uchafu wa Ukuta Wangu Ndani ya Kompyuta Zenu

Kwa Mkurugenzi,
Studio ya Filamu za Katuni,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KURUDISHIWA UKUTA WANGU PAMOJA NA AKILI ZA MKWE WANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kompyuta zako. Mimi si mzima sana, na sababu ni ninyi. Ni mjane, ninakaa na binti yangu mkubwa na mumewe. Huyo mume kazi yake hapo kwenu, kama alivyonieleza mara nyingi bila kuulizwa, ni kutengeneza mwanga wa jua na ngozi za vitu: ngozi ya ukuta, ngozi ya gome la mti, ngozi ya barabara. Ngozi, anasema, ni vile kitu kinavyoonekana kwa juu. Mtu mzima, mwenye mke, analipwa kwa hilo.

Jumamosi wanakuja wazazi wa kijana anayetaka kumwoa binti yangu mdogo. Nataka ukuta wa nje upakwe rangi kabla hawajafika. Mkwe wangu hataki kabisa, eti filamu haijaisha na ukuta bado anausoma. Ndiyo maana nakuandikia wewe uliyemfundisha kusoma kuta. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmemharibu. Alipokuja kuposa alikuwa kijana wa kawaida, anamtazama mtu usoni. Siku hizi anakutazama sikio, aone kama jua linapenya. Juzi nimemwita kula, nikamkuta amechuchumaa getini anasifia kutu. Binti yangu alikuwa ameshona nguo mpya, ameivaa, amepita mbele yake mara kadhaa. Nguo haikusifiwa. Kutu imesifiwa.

2. Kuna suala la mpira. Kila asubuhi anasimama uani ameshika fimbo yenye mpira unaong'aa kama sufuria mpya. Anaupiga picha, anazunguka, anaupiga tena. Anadai mpira huo unakamata anga yote, ili jua la kwenye kompyuta litokee upande uleule wa jua la kweli. Sawa. Lakini jirani yetu mshona viatu hakuelezwa hayo. Yeye aliona mwanamume anaizunguka nyumba ya mjane na mpira juu ya fimbo, akamwita mkewe, na mkewe akawaita mashoga zake. Tangu hapo nasalimiwa kwa heshima inayonitisha. Yupo hata mama mmoja aliyekuja kwa mlango wa nyuma kuniuliza kwa sauti ya chini kama natibu mgongo.

3. Hapa sasa ndipo penyewe. Mlipoalika familia za wafanyakazi kuona kipande cha filamu, nilivaa nguo yangu nzuri, nikaja na majirani niliowaalika mwenyewe kwa kujidai, nikakaa mstari wa mbele. Taa zikazimwa. Akatokea mbuzi wa katuni anakimbia, na nyuma ya mbuzi, mkubwa kuliko nyumba yenyewe, ukuta wangu! Doa la maji chini ya tangi lipo. Moshi wa jiko upo. Ufa unaotoka kwenye pembe ya dirisha upo, tena mmeumulika kwa jua la pembeni, usije ukampita mtu. Mshona viatu akapaza sauti kwamba huo ni ukuta wangu, na ukumbi mzima ukanigeukia. Mmeniumbua, Mheshimiwa. Mtu ana haki ya kuwa na ukuta mchafu nyumbani kwake bila kuonyeshwa kwenye kioo kikubwa. Na huyo mbuzi alikuwa msafi!

4. Nilimuuliza mkwe wangu kwa upole (binti yangu anasema nilifoka) kwa nini wamefanya hivyo. Akanijibu kuwa picha za mwaka jana zilikuwa mbovu, sasa wameziboresha. Hizo za mwaka jana nazikumbuka. Majani yalikuwa ya kijani kwelikweli, kuta zinang'aa kama sahani, wala hapakuwa na kivuli cha kumsumbua mtu. Ukizitazama unajisikia umeoga. Kumbe zilikuwa mbovu! Kumbe kuboresha ni kuongeza vumbi! Basi miaka yote hii kila nilipofagia nilikuwa naharibu, na kila nilipopatwa na uvivu nilikuwa msanii. Sasa nimekatazwa hata kufagia majani ya uani kabla ya jioni, eti yameanguka vizuri. Nimekatazwa na mtu anayekula kwangu.

5. Ofisini kwenu nimefika. Kuta nyeupe, sakafu ukikanyaga vibaya unateleza kwa usafi, vioo havina hata alama ya kidole. Kama uchafu ndio ufundi, mbona kwenu hamjaboresha? Niambie siku utakayokuwa na nafasi, nije na ndoo ya matope nikusaidie. Na lile shati lako la siku ile, jeupe pee, lilinisikitisha sana. Halina ngozi kabisa.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: kwanza, mwamuru mkwe wangu ampishe fundi rangi, ambaye anakuja na kurudi na ndoo zake kama mtu anayezitembeza. Pili, picha zote za ukuta wangu zifutwe, kubwa na ndogo, isibaki hata moja. Tatu, mbuzi atafutiwe ukuta mwingine, ikiwezekana wa nyumbani kwako. Nne, jua la filamu lipandishwe juu kabisa, liwe la saa sita mchana na lisimame hapohapo, ili lisimulike ufa wa mtu. Yasipofanyika, nitakuja kukaa mbele ya dirisha lenu niwazibie mwanga.

Nisalimie wote hapo: mlinzi aliyenishika mkono kwenye ngazi, dada wa mapokezi, na hata yule bwana ambaye nasikia kazi yake ni mawingu tu. Mungu amsaidie apate kazi.

Ni mimi, mwenye ukuta,
Mama mkwe wa Bwana Kivuli (ndivyo mtaa unavyomwita siku hizi).

Nyongeza: Barua hii sikuwahi kuituma jana. Leo asubuhi fundi rangi alikuja, mkwe wangu akiwa kazini, nikamwambia apake upesi kabla mwenyewe hajarudi. Amepaka, na ukuta unang'aa kama nilivyotaka. Alasiri nikatoa kigoda nikaketi niutazame. Macho yalipofika upande wa benchi, nikasimama. Pale palikuwa na alama ya mafuta, upana wa mabega, mahali marehemu mume wangu alipokuwa akiegemea kila alasiri huku namgombeza kwamba ananichafulia ukuta. Tangu afariki sikuwahi kuisugua, nikijiambia nimechoka. Mkwe wangu aliporudi hakunilaumu. Alifungua kompyuta akanionyesha, na ipo. Jua limeilalia ubavuni hadi bega lake la kushoto, lile lililokuwa limeshuka kidogo, linaonekana. Nimelia, sikufichi. Basi, Mheshimiwa, ombi la pili nimelifuta, msifute hata moja. La tatu na la nne nayo yaacheni, mbuzi akimbie palepale na jua libaki hapohapo lilipo. Na kama hutajali, Jumamosi nitawaleta wageni wangu hapo studio. Nataka wauone ukuta wetu.