Jinsi Pini ya Winchi Ilivyoingia Tunduni Mbele ya Mama Mkwe, Kule Igowole

Sogeeni, enyi mliokaa mbali. Wekeni vikombe chini, nyamazisheni simu, na wewe unayekoroga uji, koroga polepole, maana habari hii haipendi kelele. Ni habari ya Liberatus mwana wa Tadeo, Mbeba Parachichi, Mpasua Matope, Bwana wa Pikapu ya Kijani, na ya siku alipofunga winchi kwa mikono yake mwenyewe mbele ya lango la ukweni. Wako waliojenga madaraja, wako waliovuka majangwa, nao tunawaheshimu. Lakini hao hawakuwa na mama mkwe anayewatazama.

Chanzo cha vita kilikuwa hiki. Masika iliyopita pikapu ilizama mtaroni pale pale langoni, na mwanamume mwingine hakuwapo. Mama Verediana, ambaye kwa desturi ya ukoo wake hapaswi hata kutazamana uso kwa uso na mume wa binti yake, sembuse kusemezana naye, alifunga kanga kiunoni, akaweka bega kwenye bodi, akasukuma mpaka gari likatoka, na tope likamrukia kuanzia kilemba hadi nyayo. Hakulalamika. Alimwambia tu jirani yake Frida, kwa sauti iliyofika hadi kwenye usukani: "Gari lile silipandi tena. Nikitaka kusukuma, ninalo toroli langu."

Sasa Verediana alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza huko Mbeya, naye alimtaka mama yake.

"Mama asipokuja," alimwambia mumewe, "nani atanikanda maji ya moto? Wewe?"

Shujaa aliitazama mikono yake.

Ndipo akaenda Mbalizi kwa Isihaka, Mfalme wa Vyuma Chakavu, Mjua Bolti zote kwa Majina. Isihaka alichomelea bomba nene la mraba chini ya bampa, akavuta nyaya kutoka kwenye betri, kisha akaiweka mbele yake winchi, mashine ya kulivuta gari, yenye waya uliozungushwa kama nyoka aliyelala, naye akanena:

"Chuma hiki, ndugu yangu, hakifungwi daima. Ulimi wake unaingia kwenye bomba, pini inapita katikati, kwisha habari. Ukimaliza kazi unakichomoa, unalala nacho."

"Nilale nacho?"

"Kiache nje hapa Mbalizi, Liberatus, asubuhi utaikuta pini. Nayo watakuachia kwa heshima tu."

Shujaa akaifunga winchi kwenye blanketi, akailaza nyuma ya pikapu kama mgonjwa, akashika njia. Akaipita Makambako penye upepo, akaipita Mafinga penye harufu ya mbao, akaingia katika mashamba ya chai na mvua ya Mufindi isiyonyesha wala kuacha. Nia yake ilikuwa moja: kusimama chini ya kilima cha mwisho, kufunga winchi kwa utulivu, kisha kupanda kama mtu aliyejiandaa.

Lakini alipofika chini ya kilima aliinua macho, na tazama, Mama Verediana alikuwa amesimama langoni na jembe. Na huko ukweni mkwe hazubai mbele ya macho ya mama mkwe. Ama apite upesi, ama ajifiche. Wenye magari mengine wangesimama. Liberatus, kwa adabu, alikanyaga mafuta. Pikapu ikanguruma, ikateleza kiubavu, ikalala mtaroni mle mle ilimolala mwaka uliopita.

Mama Verediana akaegesha jembe. Akafungua kanga, akaifunga upya kiunoni.

Bega lile likigusa gari mara ya pili, hapatakuwa na safari, hapatakuwa na wa kukanda, na yeye hatakuwa na la kumwambia mkewe. Shujaa akaruka chini. Na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kati wa kupitishia maneno, yule mama aliyapitisha kwa aliyekuwapo.

"We gari!" aliita. "Umerudi tena? Mwambie aliyekuleta asihangaike. Nakuja."

"Ewe gari," alijibu Liberatus, uso ameugeuzia kwenye mashamba ya chai, "uliyenibeba mlima na bonde! Mwambie Mama, kwa heshima zote, asimame papo hapo alipo. Bega lake leo si la bodi. Ni la kulaza mjukuu!"

Kisha akaikumbatia winchi. Ilikuwa nzito kama gunia la viazi lenye kinyongo. Akaiteremsha, akapiga goti kwenye tope, akaupeleka ulimi kwenye bomba. Ukagoma, akaubembeleza, ukaingia nusu, akausukuma kwa kifua mpaka ukaingia wote. Akanyoosha mkono kuchukua pini. Pini, ile fimbo fupi ya ushindi, ikamponyoka, ikazama.

Frida alikuwa amekwisha fika kwenye ua. "Mama Verediana! Mkweo anakumbatia gari!"

"Naona."

"Na lenyewe halimtaki!"

Liberatus hakuthubutu kuiachia. Angeiachia, winchi ingechomoka na kuifuata pini. Mvua ikamwingia shingoni, na hapo ndipo shujaa alipofanya tendo gumu kuliko yote.

"Gari," alisema taratibu, "mwambie Mama… pini iko kwenye tope. Karibu na mguu wangu wa kulia."

Kisha Mama Verediana alijitanda kanga usoni, akateremka kiubavu kutoka langoni, akainama upande wa pili wa bampa, akapapasa topeni. Akaipata. Akaifuta kwa pindo la kanga.

"Gari, tundu liko wapi?"

"Gari, mwambie ubavuni mwa bomba."

"Gari, haiingii."

"Mwambie nainua kidogo."

"Mwambie amezidisha! Ashushe. Ashushe, nimesema! Sasa arudi nyuma, unene wa kucha tu. Gari, huyu mtu hajawahi kutia mpini kwenye jembe?"

"Mwambie nimewahi, Mama, lakini jembe halina—"

Ko!

Pini iliingia. Ilipita upande huu ikatokea upande ule, nyoofu, bila ubishi, na milima ya Mufindi ikalijibu lile ko kwa ukungu wake wote. Liberatus aliiachia winchi. Haikuanguka. Akaitazama. Bado haikuanguka.

Yaliyofuata yalikuwa mepesi. Akachomeka plagi, akavuta waya hadi kwenye mti mnene wa mlingoti uliosimama upande wa juu wa lango, akauzungushia mkanda, akanasa ndoano, akabonyeza kitufe. Waya ukakaza, ukaimba, na pikapu ikatoka mtaroni taratibu kama mzee anayeinuka kwenye kiti.

"Mama Verediana!" aliita Frida. "Nije tusukume?"

"Rudi kwako, Frida. Hili linajivuta lenyewe."

Mama akanawa miguu. Akaingia ndani, akatoka na kikapu, majani ya kukandia na kitenge kipya, akapanda kiti cha nyuma, akaukazia macho mlingoti.

"Gari," alisema, "mwambie baba wa mjukuu wangu tuondoke. Maji hayajichemshi."

Baba wa mjukuu wangu! Hakuwahi kumpa jina lolote, wala kupitia kwa gari, wala kupitia kwa mtu. Liberatus alishika usukani kwa mikono yenye tope, akashindwa kwa muda kuona barabara, na kosa halikuwa la mvua.

Basi wajao na wajue, na watoto wa Igowole wafundishwe: siku ile, katika mvua, bila mtu kusukuma, pini iliingia tunduni.