Tiketi Tatu za Kweli

Jumatatu hiyo asubuhi Sylus Mwadime alikuwa ameketi kwenye hoteli moja karibu na stendi ya Voi, akinywa chai ambayo alikusudia ilipiwe na mtu asiyemjua bado, aliposikia kutoka meza ya nyuma sauti ya mwanamke ikisema, "Samahani dada, naomba chai ya rangi, kama ipo, tafadhali."

Sylus akaweka kikombe chini.

Voi mtu haombi chai. Husema "Leta chai," na asipoletewa upesi husema tena kwa sauti kubwa zaidi. Mtu anayetaka radhi kwanza, akaomba chai, kisha akatilia shaka kama chai ipo hotelini, huyo ametoka ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Na mji mzima uliamini kwamba Mtanzania ni mpole, hana haraka, na hajui kumdanganya mtu. Sylus alikuwa akijilisha kwa imani za namna hiyo kwa miaka saba.

Alijiita wakala wa safari za ndege. Ofisi yake ilikuwa simu yake, na sare yake ilikuwa shati jeupe, tai ya buluu, na beji yenye mabawa mawili ambayo aliikuta kwenye koti la mtumba. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege. Ndege alizijua kwa sauti tu, zikipita juu ya mbuga na watalii wao.

Kazi yake ilikuwa safi, haina fujo. Mgeni akikwama, kadi ya benki ya kwao ikikataliwa na simu yake ikiwa haina M-Pesa, Sylus humwonea huruma. Huingia kwenye tovuti ya kampuni ya ndege, akamwandikia nafasi kwa jina lake, bila kulipa. Kampuni huishikilia nafasi hiyo kwa siku moja ikingoja malipo. Mgeni akichungulia, hulikuta jina lake kwenye safari ya kweli ya ndege ya kweli, naye humlipa Sylus kwa shukrani. Kesho yake nafasi hufa kimya kimya. Mgeni hupata habari za msiba huo akiwa kwenye dirisha la tiketi uwanja wa ndege wa Mombasa, kilomita mia moja na hamsini kutoka Voi, amebeba mizigo. Sylus hakuwahi kufika kwenye dirisha hilo kuona mambo yanavyoishia, na jambo hilo lilimsaidia sana kulala.

Aligeuka polepole. Mwanamke alikuwa wa miaka kama arobaini, amejifunga kitambaa kichwani, miwani puani, na mbele yake simu aliyokuwa akiibonyeza kama anayejaribu kuiamsha.

"Inakusumbua, mama?" Sylus akauliza.

"Hujambo kaka. Pole na kazi." Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Inataka namba ya Kenya. Nimeweka ya kwetu, inasema namba haipo. Sasa mimi hii namba ninayoongea nayo kila siku haipo vipi?"

"Ndege zetu za ndani zina wivu. Haziwapendi wageni. Unaenda wapi?"

"Kisumu, kutoka Mombasa. Tuna kwaya. Watu kumi na wanne."

Sylus akaihesabu namba hiyo kwa shilingi. Akahamia na kikombe chake kwenye meza ya mgeni, akaagiza chapati mbili, na kwa sauti ya daktari anayempa mtu majibu mazuri akasema, "Mungu amekuleta kwa mtu anayestahili."

"Naamini hivyo," akasema mwanamke. "Jina langu Nakijwa."

Ilitakiwa kuwa kazi ya saa moja. Lakini Mama Nakijwa, kwa upole wote wa Tanzania, hakutoa hata senti. Kwao, alieleza, kuna utaratibu. Kwanza watatu wanatangulia siku ya Jumatano kwenda kutazama mahali pa kulala. Wakifika salama wanapiga simu. Hapo ndipo mweka hazina anafungua begi na kuwalipia wote kumi na wanne, wale watatu wakiwemo, pamoja na kitu kidogo cha ahsante kwa wakala.

"Na hao watatu wa kwanza nani anawalipia?" akauliza Sylus.

"Wakala. Ndivyo tulivyofanya Dodoma, na Mwanza pia." Akamtazama kwa huruma. "Lakini kama huna uwezo huo, kaka, usione haya. Pale karibu na benki nimeambiwa kuna kijana mwingine."

"Sijasema sina uwezo."

"Na hatukuachi mikono mitupu. Mweka hazina wetu tunakuachia hapa hapa Voi, yeye na begi lake. Mpaka tupige simu, ni mgeni wako."

Sylus hakuwahi kusikia mtu akijitolea kuweka rehani mtu mzima. Ukarimu huo ulimgusa.

Uwezo, kusema kweli, alikuwa nao, ila haukuwa wake. Mama yake alikuwa amezikwa Chawia mwaka mmoja uliopita, na Jumamosi ya wiki hiyo ukoo ulikuwa ukutane kwa maombi, kaburi likiwa limejengewa. Kila mtu alikuwa ametoa chake, hata shangazi anayeuza maparachichi. Kwa kuwa Sylus alikaa Voi, karibu na maduka ya simiti na marumaru, michango yote iliwekwa kwenye simu yake. Dada yake Lois alikuwa amepinga.

"Mpeni mtu mwingine yeyote," Lois aliwaambia wazee. "Mpeni hata mbuzi." Lakini wazee walisema huyu ni mtoto wa marehemu, mama yake hawezi kumwibia.

Naye Sylus aliamini hivyo hivyo. Hakuwa akiiba. Alikuwa akizitembeza tu kidogo, kutoka Jumatatu hadi Jumatano, na zingerudi zikiwa zimenenepa. Mama angepata marumaru nyeusi, zile zinazong'aa, badala ya nyeupe za hospitali.

"Nipe majina," akasema, akatoa simu.

"Rispa Sifuna. Hilo ni langu la kwenye karatasi, Nakijwa ni la nyumbani. Halafu Christabel Sifuna, na Jeconia Sifuna."

"Sifuna? Si jina la watu wa magharibi ya Kenya?"

"Ndoa, kaka," akasema Mama Nakijwa. "Ndoa inampeleka mtu mbali."

Sylus akayaandika majina matatu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya uwakala akapita ule ukurasa wa kushikilia nafasi, akafika kwenye ukurasa wa malipo, mahali ambapo hakuwa amewahi kufika, akaweka namba yake ya siri. Aliibonyeza tarakimu kwa tarakimu, kama mtu anayesaini hati ya ndoa. Zikaja tiketi tatu zenye namba zake kamili.

"Ni nzuri sana," akasema Mama Nakijwa, akizisoma mara mbili. "Hizi ni za kweli kabisa."

"Mimi nina nyingine?" akajibu Sylus, na akaumia kidogo moyoni kwa kushukiwa.

Mweka hazina aliletwa jioni hiyo. Aliitwa Mzee Alexander, mtu mrefu wa maneno machache, amevaa koti la kanisani na kushika begi la ngozi lenye kufuli. Alipoketi aliliweka mapajani, na alipokula alilikanyaga kwa mguu mmoja.

Mama Nakijwa alimvuta Sylus kando. "Ni mzee wa kanisa. Ukimtajia fedha kabla sijapiga simu, ataona una tamaa, atafunga safari arudi. Mlishe tu."

Kisha akamvuta mzee kando pia, wakanong'ona. Sylus akachukulia kwamba wanaagana.

Siku mbili hizo Mzee Alexander alikula vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuwekwa rehani. Asubuhi supu ya mbuzi, mchana wali kwa kuku, jioni nyama choma. Sylus alimkodia chumba chenye maji ya moto. Jumanne alimpeleka kwa kinyozi. Mzee alipokea kila kitu kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuheshimiwa, na mara moja moja aliligusa begi na kusema, "Mambo mazuri hayana haraka."

"Kabisa, mzee," alisema Sylus, macho kwenye kufuli. "Ongeza kachumbari."

Lois alipiga simu Jumanne mchana. "Simiti umenunua?"

"Iko njiani."

"Njia ipi, Sylus?"

"Lois, kuna kitu kizuri zaidi. Marumaru nyeusi. Wewe tulia, utalia kwa furaha."

"Kulia nitalia," akasema Lois. "Hilo sina wasiwasi nalo."

Jumatano ndege ilikuwa iondoke Mombasa saa nne. Saa tano Sylus alikuwa ameshanyoosha tai. Saa sita alimwagizia mzee samaki mzima. Saa saba kasoro simu ikatoa mlio, naye akaifungua akitabasamu, huku mkono wa pili ukiwa tayari umeligusa begi.

Haukuwa mwito, ulikuwa ujumbe.

"Kaka Sylus, tumefika Kisumu salama. Mwaka jana mwezi wa sita uliniuzia tiketi ya kuja kumzika baba. Nililia mbele yako hapo stendi, ukanipa kitambaa. Mombasa dirishani dada akaniambia nafasi yangu ilikufa jana yake. Nikaja kwa basi, na nilipofika udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Kesho tunamfanyia baba ibada ya kumbukumbu, na safari hii nimekuja na mama na kaka yangu Jeconia. Tanzania sijawahi kufika. Mimi ni wa kambi ya mkonge, hapo hapo kwenu. Mzee Alexander hana kosa lolote, usimfokee. Rispa Sifuna."

Sylus alisoma mara tatu. Alijaribu kuukumbuka uso wa mwanamke aliyelia stendi, na akaona kwamba hawezi, kwa kuwa wengi walikuwa wamelia pale na wote aliwapa kitambaa. Hata jina aliliandika kwa vidole vyake mara mbili, na mara zote mbili alikuwa akiwaza malipo.

"Ni yule mama?" Mzee Alexander akauliza, akipangusa mafuta ya samaki mdomoni.

"Ni yeye."

"Amesema tufungue?"

Sylus akaondoa mkono kwenye begi. Mzee akatoa ufunguo mfukoni, akafungua kufuli kwa heshima kubwa, akatoa mifuko mitatu ya plastiki na kuipanga mezani kati ya miiba ya samaki. Ilikuwa maharagwe: mekundu, ya madoadoa, na ya njano.

"Ya Njukini haya, shamba langu mwenyewe," akasema. "Mama ameniambia wewe ndiye unayenunulia mahoteli ya mbugani, na kwamba hupendi mtu akutajie bei kabla yeye mwenyewe hajapiga simu. Nimevumilia, kijana. Sasa niambie, utachukua magunia mangapi?"

Sylus aliyatazama maharagwe. Wenye hoteli ile walisema baadaye kwamba walimwona akaokota harage moja la madoadoa, akaligeuza, akalirudisha mahali pake polepole, kama mtu anayeogopa kuliamsha.

"Mzee," akasema mwishowe, "mimi si mnunuzi. Mimi ni mwizi."

Mzee Alexander alifikiri. "Chakula chako lakini kilikuwa kizuri," akasema, akaanza kurudisha mifuko ndani ya begi.

Ijumaa asubuhi Sylus alipanda Chawia bila tai. Lois alikuwa uani, ameshaazima karai mbili na sepeto, na alikuwa amefagia njia yote hadi kaburini. Alitazama mikono ya kaka yake, kisha akatazama barabara nyuma yake, kuona kama kuna gari linalofuata.

Njiani Sylus alikuwa ametunga uongo wa aina nne, na wote ulikuwa mzuri. Katika mmoja lori la simiti lilipinduka bondeni, na dereva alikuwa na watoto sita. Lakini kaburi lilikuwa pale pale, mgongo wa udongo mwekundu ulioanza kuota magugu, na kinywa chake kikasema ukweli kabla hajakizuia. Akaeleza kwaya, mzee wa rehani, ndege, maharagwe.

Lois alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungesema umepigwa na majambazi ningekuamini," akasema. "Sasa mchango wa kaburi la mama umepandisha watu ndege kwenda Kisumu?"

"Ndiyo."

"Mama ambaye hata Mombasa alifika mara moja tu."

"Ndiyo, Lois."

"Na maharagwe."

"Ya aina tatu."

"Miaka yote hii unadanganya watu kwa ustadi, halafu kwa dada yako unaleta uongo mbovu hivi."

Sylus akampa simu ajisomee ule ujumbe. Lois aliusoma akiwa amesimama. Alipofika mahali pa udongo uliokauka alikaa chini, kwenye ukingo wa njia aliyoifagia, akausoma tena. Bonde lote lilikuwa limefunikwa na ukungu, na mtu fulani huko chini alikuwa akipasua kuni.

"Huyo mama yake alifika salama?" akauliza.

"Wote watatu."

"Walikula nini njiani?"

"Sijui."

"Mama angetaka kujua kama walikula," akasema Lois, akajifuta uso kwa ukingo wa leso. Kisha akasimama na kumsukumia karai kifuani. "Mtoni kuna mawe. Watu wanakuja kesho saa tatu. Sitaki wakute magugu, na sitaki wakute mtu amekaa."

Sylus alishuka mtoni na kupanda, akashuka na kupanda. Mteremko wa Chawia haumwonei huruma mtu wa Voi. Kufikia alasiri viganja vilikuwa vimechubuka na viatu vyake vya ofisini vimefunguka midomo, lakini upande mmoja wa kaburi ulikuwa umezungushiwa mawe, yamepangwa vizuri, makubwa chini na madogo juu. Lois alikuwa akiyasogeza kwa mguu pale alipoona hayakukaa sawa.

Simu ikaita. Namba ilikuwa ya nchi ya mbali. Sylus akaweka karai chini na kupokea, na Lois, aliyekuwa akipapasa udongo kati ya mawe, akaacha kupapasa.

"Ndiyo, ndimi," Sylus akasema. "Voi, ndiyo... Lamu? ... Hapana, usinilipe mimi. Tafuta mtu mwenye M-Pesa unayemwamini, alipe mbele ya macho yako kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Na usikubali karatasi yenye jina lako tu, hakikisha ina namba ya tiketi... Ndiyo. Bila tiketi, nafasi yako inakufa kesho... Halo?"

Akaitazama simu, akairudisha mfukoni.

"Nani?" akauliza Lois.

"Mtalii. Anataka ndege."

"Umemwambiaje?"

"Ukweli."

"Naye amesemaje?"

Sylus akainama akachukua karai. "Amesema anashukuru, lakini anatafuta wakala mwaminifu."

Lois akainamisha uso upande wa kaburi, mabega yakimtikisika, na ilichukua muda kabla Sylus hajajua kwamba anacheka. Kisha akamwonyesha kwa kidole upande wa pili, ambao bado haukuwa na jiwe hata moja.